Tapeti Tupu Haiachi Kulia

Jana asubuhi mliniona nikimnyang'anya mwenzenu spana, na najua wengine mlinuna. Discovery ya kijani ilikuwa ndiyo kwanza inaingia uani, inalia tak-tak-tak, mwenye gari hata mkanda hajafungua, na tayari chalii wetu ameshainua boneti anatafuta nati za kava la roka. Hakuuliza gari limeanza kulia lini. Hakuchomoa kijiti cha oili. Sikio lenyewe hakulitega. Kumkaripia mbele ya mteja lilikuwa kosa langu, na nimeshamwomba radhi. Spana sikumrudishia. Leo mvua imetukalisha ndani, chai ipo, basi kaeni niwaeleze kwa nini.

Mimi nilifundishwa kazi na wazee waliokuwa wakitengeneza Land Rover 109, Peugeot 504 na malori ya Bedford. Tapeti zikilia kwenye injini zile, dawa ilikuwa moja. Unafungua kava, unapenyeza fila geji kati ya roka na mguu wa valvu, unalegeza nati, unazungusha skrubu, unakaza. 109 ilitaka thau kumi, yaani robo milimita. Ukiacha nafasi kubwa inalia. Ukibana mno valvu haikai kitini, moto unapita pembeni na kuila. Kijana aliyeweza kuseti tapeti peke yake, bila mzee kumsimamia kichwani, ndiye aliyeanza kuitwa fundi. Mpaka leo Defender za 300Tdi zinazopeleka watalii porini zinasetiwa hivyohivyo, kwa milimita 0.20, na Land Cruiser za 1HZ pamoja na Hiace nyingi za dizeli zinasetiwa kwa vibati. Kwa hiyo mnachokijua si uongo. Ila ni cha injini nyingine.

Siku niliyofungua kava la V8 kwa mara ya kwanza nilitafuta skrubu ya kuseti nikaikosa. Nikamulika tochi roka zote kumi na sita, moja baada ya nyingine, nikidhani kuna mtu amezichomoa. Mzee wangu alikuwa amekaa juu ya tairi anakunywa uji, ananitazama, hasemi neno. Alinyamaza mpaka nilipokiri kwamba sijui. Ndipo akaniambia kuna injini zinazojiseti zenyewe, na kazi ya fundi ni kuhakikisha zinapata oili ya kufanyia kazi hiyo.

Injini ile asili yake ni Marekani. Buick waliitoa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ya aluminiamu, nyepesi, kisha wakaiacha. Rover ya Uingereza ikanunua haki ya kuitengeneza mwaka 1965. Ikaingia kwenye Range Rover mwaka 1970, kwenye 109 mwaka 1979, halafu 110, halafu Discovery. Wamarekani walipenda gari lisilopiga kelele, na tapeti za oili zilikuja nayo kutoka huko. Oktoba 2024, Land Rover zilipofurika jijini kwa tamasha lao, nilisimama kando ya barabara nikafumba macho, nikawa nazitambua V8 kwa masikio tu. Mjukuu wangu alidhani nimesinzia. Lakini msidhani ni V8 peke yake. Td5 iliyotoka 1998 ina tapeti za oili, Pajero za V6 zinazo, Benzi za W124 zinazo. Kabla ya kushika spana jiulize: injini hii ni ya kuseti, au inajiseti?

Tapeti ya oili ni kikombe cha chuma. Ndani yake mna pistoni ndogo, chini ya pistoni mna chumba, na mlangoni mwa chumba mna gololi na springi. Oili inayosukumwa na pampu inaingia kwenye kikombe, inaipita gololi, inajaza chumba. Kamshafti inapoinua tapeti, gololi inafunga mlango na oili inakosa pa kwenda. Oili haibonyei, kwa hiyo kikombe chote kinasimama kama kipande kimoja cha chuma, kinasukuma pushrodi, pushrodi inasukuma roka, roka inafungua valvu. Kamshafti ikigeuka, springi inainua pistoni na kumaliza mwanya wowote uliobaki, na oili kidogo inaingia kufidia iliyovuja. Injini ikipata joto au ikipoa, chuma kinabadilika urefu, na tapeti inajirefusha au kujipunguza kukifuata. Mwanya unabaki sifuri, na sifuri haina kelele.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho achukue pampu ya baiskeli. Ijaze maji, ziba mdomo wake kwa kidole gumba, sukuma. Haiendi. Mwaga maji, acha hewa peke yake, sukuma tena. Inabonyea. Tapeti iliyoingiwa hewa, au iliyokosa oili, au ambayo gololi yake imeshikwa na uchafu haifungi, inabonyea vivyo hivyo, na ule mwanya unaotokea ndio unaogonga. Wahenga waliosema debe tupu haliachi kuvuma hawakuwahi kufungua V8, lakini walipatia.

Sasa, hakikisheni kwanza kwamba kinacholia ni tapeti. Valvu hufunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili. Injini ikiwa sailensi, tuseme mizunguko 800 kwa dakika, tapeti moja iliyoharibika itagonga mara 400, karibu saba kwa kila sekunde. Ni sauti nyepesi, ya juu, kama cherehani ya fundi nguo. Konrodi hailii hivyo. Konrodi hugonga kwa uzito, kutoka chini, kama mwenye nyumba anayedai kodi, na gari likibeba mzigo inazidi. Chomoa waya wa plagi moja moja kwa koleo lenye mpira: ukifika kwenye silinda yenye konrodi mbovu, kishindo kitapungua au kubadilika. Tapeti haijali. Utazima silinda zote nane kwa zamu, nayo itaendelea na cherehani yake.

Kuna na jambazi wa tatu: gasketi ya manifoldi ya ekzosi. Ikitoboka hutoa mlio uleule, tak-tak-tak, hasa asubuhi, kisha chuma kinapata moto, kinatanuka, kinaziba, sauti inapotea. Nimeona hedi ikishushwa, tapeti mpya zikinunuliwa, na gari likaondoka likilia kama lilivyokuja, kwa sababu ya gasketi ambayo mtu angeiona kwa kutazama masizi tu. Kwa hiyo chukua bisibisi ndefu. Ncha iweke kwenye kava, kwenye bomba la manifoldi, kwenye karta, na mpini uegemeze kwenye mfupa nyuma ya sikio. Kunja mikono ya shati kwanza, maana feni haina huruma. Hiyo bisibisi itakuonyesha mpaka silinda inayolia, bila kufungua nati hata moja.

Halafu uliza gari linalia wakati gani. Hapa ndipo nilipofurahi jana, kwa sababu binti yetu aliyetoka VETA ndiye pekee aliyemuuliza mteja swali hilo, tena kwa adabu: "Shikamoo mzee, linalia likiwa la baridi au la moto?" Mwenzenu akamcheka. Swali lile lina thamani kuliko boksi zima la spana. Sisi tunaishi chini ya Meru, mita 1,400 juu ya bahari, na asubuhi za Julai mnazijua. Gari lililolala nje huko Ilboru au Sekei, oili yake imeshuka karta usiku kucha na imekuwa nzito. Ukiwasha, tapeti zitalia sekunde chache mpaka oili ipande. Huo si ugonjwa, na ole wake atakayemtoza mteja kwa kitu hicho. Mwambie tu asikanyage mafuta mara anapowasha. Aiache injini nusu dakika ipate oili, ndipo aondoke taratibu.

Ikiendelea kulia dakika kumi, kisha inyamaze, fikiria uchafu: kuna tapeti inayonata. Ikiwa kimya asubuhi ikaanza kulia baada ya kupanda kilima na kupata moto, hilo ni baya zaidi. Oili imelegea kwa joto na msukumo haupo. Huenda pampu imekwisha, huenda metali za krankshafti zimelika na oili inatorokea huko kabla haijafika juu. Ikilia wakati wote, baridi na moto, mahali palepale, andaa moyo wa mteja. Pengine kamshafti imeliwa.

Chomoa kijiti cha oili, gari likiwa mahali tambarare. Nasema tambarare kwa sababu nimewaona mkipima hapo getini kwenye mteremko. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa pamoja na oili, na hewa hiyo inaishia kwenye tapeti. Wengi mnalijua hilo, na kwa kuliogopa mnajaza mpaka inapita alama. Oili ikizidi, krankshafti inaifikia na kuichapa kama mama anavyopiga mayai, inatoka povu. Povu ni hewa. Umekimbia kule ukaja kuangukia hapa.

Ipake vidoleni, isugue, inuse. Mnajifunza mengi kwenye video za simuni na sikatai, mimi mwenyewe natazama, ila video haina harufu. Oili inayonuka petroli imechujuka. Oili yenye chenga ni vumbi, na vumbi la kwetu ni udongo wa volkano, laini kama unga wa sembe, unaopenya pasipopenya maji. Gari likitoka Longido au ndani ya Serengeti, fungua boksi la filta ya hewa utazame ndani ya bomba, upande wa injini. Ukikuta vumbi huko, injini imekuwa ikimeza msasa, na oili inausambaza kwenye tapeti na kamshafti. Kitabu kinaweza kusema badili oili kila kilomita 5,000. Kitabu hakikuandikwa kwenye vumbi hilo. Badilini mapema.

Na oili iwe ya kopo lililofungwa, ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, siyo ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Filta nayo iwe na ule mpira wa ndani unaozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Filta ya bei ya kutupa haina mpira wa maana, na kila asubuhi tapeti zitaanza na kiu.

Niwasimulie aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa na umri kama wenu, nimeshaanza kuitwa fundi, kichwa kimevimba. Mzee mmoja wa Ngarenanyuki alikuwa na 109 ya V8 aliyoinunua mnadani, akibebea nyanya kuleta sokoni. Ilikuwa inalia. Nikamwambia nitaiosha ndani. Nikachanganya mafuta ya taa kwenye oili yake chakavu, nikaiungurumisha dakika kama ishirini, nikamwaga, nikaweka oili mpya. Ikanyamaza kimya. Alinilipa, akaniongezea na debe la nyanya. Siku ya tatu, akiwa na mzigo kamili, injini ilikwama upande wa Ngurdoto, juu ya Usa River. Tulipoivuta na kufungua karta, chujio la pampu lilikuwa limezibwa na matope meusi kama ukoko wa ugali. Mafuta yangu ya taa yaliyabandua matope ya miaka mingi kwa mara moja, yakayapeleka yote mlango mmoja. Metali zilikuwa zimeungua, krankshafti imechanika. Nyanya zilioza. Yule mzee hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulijua au ulibahatisha?" Nililipia kwa kazi ya miezi mingi, na swali lake sijalimaliza kulijibu.

Kwa hiyo injini yenye matope haioshwi kwa pupa. Weka oili nzuri na filta mpya, mwache mteja aendeshe kilomita 500, mwaga. Weka tena, aendeshe 1,000, mwaga. Oili nzuri ina sabuni yake. Inayabandua matope kidogo kidogo na kuyapeleka kwenye filta. Kama ni tapeti iliyoingia hewa, injini ikiwa ya moto panda taratibu mpaka mizunguko 3,000, shuka taratibu mpaka sailensi, rudia mara kumi na zaidi. Mara nyingi kelele inaishia hapo. Najua kwa nini hampendi dawa hii: bili yake ni ndogo. Lakini yule mteja atarudi na gari la shemeji yake.

Kelele isipoisha, bado hatujafungua. Toa swichi ya taa ya oili, funga geji ya kupimia msukumo mahali pake. V8 ya Rover ikiwa ya moto, kwenye mizunguko 2,400, inatakiwa kutoa pauni 30 hadi 40. Ikitoa kumi na tano, unataka tapeti mpya za nini? Utazifunga na zitalia vilevile.

Msukumo ukiwa mzuri, hapo sasa chukua spana, na hapo nitakurudishia mwenyewe. Tafuta trei ya mayai. Andika namba kwenye vishimo kumi na sita, na kila tapeti inayotoka iweke kwenye namba yake pamoja na pushrodi yake, kwa sababu tapeti na jicho lake la kamshafti vimelika pamoja kama mume na mke wa siku nyingi, ukibadilishana vinaumana. Izamishe kwenye dizeli safi, penyeza waya mwembamba uisukume gololi, bonyeza pistoni, achia, mpaka itoe uchafu na hewa. Ikijaa, bonyeza kwa kidole: ikibonyea kirahisi, imekwisha. Kisha shikanisha makalio ya tapeti mbili na uyaelekeze kwenye mwanga. Tapeti nzima ina kitako kilichovimba kidogo sana, kwa hiyo zitagusana katikati na mwanga utaonekana pembeni. Kitako kikiwa kimebonyea kama kisosi, jicho la kamshafti nalo limeliwa, na vyote vinabadilishwa pamoja. Tapeti mpya juu ya kamshafti ya zamani ni pesa iliyotupwa Mto Themi.

Ukifungua kava la mbele la V8 hiyo, pampu ya oili iko humo. Paka gia zake vaselini kabla ya kufunga, vaselini kabisa, grisi usiiweke, la sivyo pampu itazunguka kavu na haitavuta. Na kamshafti mpya usiiache sailensi siku ya kwanza. Ishikilie mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika ishirini, maana kamshafti ile inapata oili yake nyingi kwa kurushiwa, na injini ikizunguka polepole hairushi ya kutosha. Wengi wameua kamshafti mpya kwa kuisikiliza sailensi huku wakipongezana.

Lipo jambo nimelichelewesha kwa sababu linaniudhi. Atakuja mtu hapa, pengine na nusu ya bei ya gari mfukoni, atakuomba umwagie injini oili nzito kuliko inayotakiwa, au ile dawa ya kopo nzito kama asali, ili tapeti zinyamaze mpaka gari liuzwe. Inawezekana. Kelele itapungua wiki moja au mbili, na huku asubuhi ya baridi oili hiyo itachelewa kupanda na kuimaliza kamshafti. Mnunuzi atakuwa mwalimu wa Tengeru aliyekopa benki. Mtu akitaka huduma hiyo, mwonyesheni geti. Mimi nikikuta kopo hilo uani kwangu nitajua aliyelileta si fundi wangu tena. Hili halina mjadala.

Na mteja naye mfundisheni kusema kweli. Wengine wameshapita gereji tatu kabla yetu, na wanaficha. Mficha uchi hazai. Muulize nani aligusa, aliweka nini, lini, na usimcheke akijibu.

Discovery bado iko pale chini ya mjakaranda. Mwenyewe ameniachia mpaka Ijumaa na oili yake sijaigusa. Kesho saa moja asubuhi, ikiwa imelala baridi, nitaiwasha mara moja tu. Anayetaka kuisikia afike kabla ya hapo, na bisibisi yake ndefu.